Jinsi ya Kuandika Maisha ya Babu Aliyekuwa Dereva wa Lori: Mwongozo Kamili kwa Familia za Lubumbashi

Karatasi ya maisha ya marehemu inayosomwa kilioni hapa Lubumbashi huandikwa usiku wa kuamkia mazishi, na kwa kawaida kazi hiyo humwangukia mjukuu ambaye familia inamwona ana mwandiko mzuri. Matokeo tunayafahamu sote: tarehe ya kuzaliwa, shule, jina la kampuni, idadi ya watoto, idadi ya wajukuu, ugonjwa, kifo. Ukibadilisha jina tu, karatasi hiyo hiyo ingefaa kusomwa kwa mwalimu au kwa fundi wa viatu.

Kwa dereva wa lori kosa hili ni kubwa zaidi, kwa sababu nusu ya maisha yake ilipita mbali na macho ya wale wanaomwandikia. Familia inajua alivyoondoka na alivyorudi; yaliyo katikati yanajulikana na wachache, nao mara nyingi hawaulizwi. Mwongozo huu unamwandika babu kwa safari zake na kwa namna alivyorudi nyumbani, kisha unaziweka tarehe mahali pake.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari moja la kurasa nyingi. Karatasi zilizotawanyika hupotea kati ya kilio na makaburi.
- Kalamu mbili za wino.
- Simu inayorekodi sauti, yenye chaji na nafasi ya kutosha.
- Bahasha kubwa ya kuhifadhia nyaraka, yenye orodha ya kila kilichoingizwa na jina la aliyekitoa.
- Ramani inayoonyesha Kongo, Zambia, Tanzania na nchi za kusini. Ya simuni inatosha.
- Siku mbili au tatu. Kama mazishi ni kesho, fanya hatua ya 2, ya 4 na ya 5 tu, kisha uandike kurasa mbili fupi. Yaliyobaki yatasubiri siku ya kuondoa matanga.

## Hatua ya 1: Mwandishi awe mmoja, tena mwenye ruhusa

Familia ikiandika kwa pamoja, kila mtu huongeza sentensi yake na hakuna anayethubutu kufuta ya mwenzake. Wazee wamteue mtu mmoja, na wamtaje mzee mmoja atakayesoma rasimu na kuwa na neno la mwisho.

Ruhusa hiyo itolewe mbele ya watu. Bila hivyo, ukienda kwa baba mkubwa kumwomba pasipoti ya marehemu, atakushuku unatafuta urithi.

Utajua hatua hii imekamilika pale ambapo watu wataanza kukuletea picha bila wewe kuwaomba.

## Hatua ya 2: Soma nyaraka kabla ya kumwuliza mtu

Sababu ni rahisi. Ukimwuliza bibi, «Babu alianza kazi lini?» atakujibu kwamba ni zamani sana. Ukimwonyesha leseni yenye muhuri na picha ya kijana mwembamba, atakwambia hata shati lile alilinunua wapi.

Tafuta leseni ya udereva, pasipoti za zamani, kadi za kazi, barua ya mwisho ya mwajiri, picha, na kadi ya njano ya chanjo. Hii ya mwisho watu huitupa, nayo ni hazina: ina tarehe za chanjo zilizohitajika ili kuvuka mipaka, na mara nyingi ndiyo karatasi pekee inayothibitisha kwamba mwaka fulani alikuwa tayari anasafiri nje. Usiichanganye na kadi ya njano ya bima ya magari ya nchi za COMESA, ambayo ni karatasi ya lori, si ya mtu.

Katika pasipoti, usiishie kwenye ukurasa wa picha. Fungua kurasa za mihuri na uandike kila muhuri unaosomeka: mahali, siku, kuingia au kutoka. Mihuri ya Kasumbalesa, mpaka wa Kongo na Zambia, ikifuatwa baada ya siku chache na ya Nakonde na Tunduma, mpaka wa Zambia na Tanzania, basi njia yake ya Dar es Salaam iko mbele yako. Ukiona Chirundu, mpaka wa Zambia na Zimbabwe, na Beitbridge, mpaka wa Zimbabwe na Afrika Kusini, basi alishuka kusini.

Tahadhari kuhusu majina. Mzee aliyezaliwa kabla ya uhuru anaweza kuwa na majina tofauti katika nyaraka zake. Mwaka 1972 serikali ya Zaire ilikataza majina ya Kikristo, na watu wakachukua mengine ya asili. Baadaye wengi walirudia la ubatizo. Kwa hiyo kadi moja inasema hivi na nyingine vile, na mjukuu asiyejua hudhani karatasi ni ya mtu mwingine, akaiacha. Andika majina yote daftarini, kisha umwulize mzee aliyeteuliwa ni lipi lisomwe kwanza.

Tahadhari kuhusu neno «alistaafu». Kuna waliostaafu kwa umri, kuna walioachishwa, na kuna walioondoka kwa makubaliano. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, waliondoka katika mpango uliopewa jina la kuondoka kwa hiari, na katika nyumba nyingi za mji huu neno hilo «hiari» bado huleta ubishi mezani. Kama babu alikuwa mmoja wao, andika kwamba aliacha kazi mwaka huo. Wenzake watakaokuwa wamekaa chini ya turubai wanajua tofauti.

## Hatua ya 3: Chora njia yake

Chukua ukurasa mzima wa daftari na uchore mstari kutoka Lubumbashi. Upande mmoja weka Likasi, kama kilomita 120, na Kolwezi, kama kilomita 300. Upande wa pili weka Kasumbalesa, kama kilomita 90, kisha Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola na Kapiri Mposhi. Hapo Kapiri Mposhi njia inagawanyika: moja huelekea Nakonde, Tunduma na Dar es Salaam, safari ya takriban kilomita 2,000 kutoka nyumbani, nyingine hushuka Lusaka hadi Chirundu au Livingstone.

Tia alama mahali ambapo mihuri au simulizi zinathibitisha kwamba alifika. Mahali ambapo hakuna uthibitisho, paache patupu.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu mimi mwenyewe niliharibu. Katika karatasi ya babu yangu niliandika kwamba mwaka 1998 alivuka daraja la Kazungula, kwenye mto Zambezi kati ya Zambia na Botswana, akiwa na mzigo wa shaba. Nilisoma kwa sauti nzuri, nikajisikia msomi. Wazee watatu waliokuwa wamekaa nyuma wakaanza kunong'onezana, kisha mmoja akacheka hadi akakohoa. Daraja la Kazungula lilifunguliwa mwaka 2021. Babu alivuka kwa pantoni, tena baada ya kulala foleni, na ile foleni ndiyo iliyokuwa hadithi yenyewe. Nilikuwa nimefuta siku za kusubiri kwa daraja lisilokuwepo.

Kwa hiyo, kwa kila mto, mpaka au barabara utakayoitaja, jiulize: wakati ule kulikuwa na nini hapo? Na mahali penyewe paliitwaje? Mto ni ule ule, ila kabla ya mwaka 1980 ng'ambo ya Chirundu paliitwa Rhodesia, si Zimbabwe.

Usisahau upande wa barabara. Kongo magari hupita kulia. Zambia na Tanzania hupita kushoto. Kila aliyevuka Kasumbalesa alibadilisha upande, na kila dereva mzee ana kisa cha mara ya kwanza. Ukikipata kisa hicho, kiandike neno kwa neno, maana watoto watakikumbuka kuliko tarehe yoyote.

Hatua hii imefaulu pale dereva mwenzake akiutazama mchoro na kuweka kidole, akisema: «Hapa ndipo tulipokuwa tunapika.»

## Hatua ya 4: Ongea na watu wanne

Wanne wanatosha, mradi wawe hawa.

Bibi. Usimtume mtoto wake wa kuzaa; mtume mjukuu. Kwetu mjukuu na nkambo, yaani babu au bibi, wana utani wao, naye anaweza kumwuliza, «Ee mke wangu, huyu mume mwenzangu alikuletea nini safari ya kwanza?» bila mtu kukasirika. Binti yake akiuliza swali hilo hilo, atajibiwa kwa heshima na kwa ufupi. Bibi asihojiwe siku ya kwanza ya kilio, wala asiulizwe mbele ya wageni. Mngoje asubuhi, kabla watu hawajajaa.

Motaboi wake. Yule kijana aliyekuwa akilala chini ya lori, akifunga mzigo na kuchemsha chai, leo ni mzee pia. Yeye ndiye aliyemwona babu akiwa na hofu, akiwa na njaa, au akimpa mgeni chakula chake.

Dereva mwenzake. Huyu atakusahihisha njia na miaka.

Mjukuu aliyelelewa naye baada ya kustaafu. Huyo ndiye shahidi wa ule mwendo wa asubuhi kwenda shuleni mkono kwa mkono, wa hadithi za jioni, wa sahani ya bukari (ugali) iliyogawanywa kabla mwenyewe hajaonja. Familia nyingi humruka kwa sababu ni mdogo. Nimesikia maelezo bora kuliko yote kutoka kwa msichana wa miaka tisa: alisema babu yake aligonga soli za viatu vya wajukuu kila asubuhi kwa kifundo cha kidole, akisikiliza, kama alivyokuwa akigonga tairi kwa nyundo kabla ya safari. Mtu mzima yeyote wa nyumba ile alikuwa ameona jambo hilo miaka yote, na hakuna aliyefikiri linafaa kuandikwa.

Uliza maswali yanayodai kitu cha kuonekana. Usiulize, «Alikuwa mtu wa namna gani?» Utajibiwa kwamba alikuwa mtu mzuri. Uliza: Alivaa nini safarini? Alikuwa akifanya nini kwanza akifika nyumbani? Alikataa kubeba mzigo gani? Nani alimfundisha kuendesha? Lini aliogopa? Baada ya kuacha kazi, alikaa wapi uani, na uso wake ulielekea wapi?

Wazee wakikosa mwaka, usiwabane. Tumia alama wanazozijua. Ilikuwa kabla ya jina la Zaire, ambalo lilianza mwaka 1971, au baada yake? Ilikuwa kabla ya vita vya Kolwezi vya mwaka 1978? Walilipwa kwa zaire za zamani, kwa zile mpya zilizokuja mwaka 1993, au kwa faranga zilizorudi mwaka 1998? Ilikuwa kabla ya Mzee Kabila kuingia madarakani, mwaka 1997? Kwa maswali matatu ya namna hii utapata muda wa miaka michache, nao utaandika «katika miaka ya mwanzo ya Zaire», maneno ambayo ni ya kweli, badala ya mwaka mmoja uliobuniwa.

Rekodi kwa idhini, na uandike pia. Simu huishiwa chaji wakati mzee anafika penyewe.

## Hatua ya 5: Maliza mambo mazito kabla ya kuandika

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayovunja vilio.

Dereva wa safari ndefu huishi wiki nyingi barabarani, na si siri kwamba baadhi yao waliacha watoto Kitwe, Tunduma au Kolwezi. Mwandishi asiandike «aliacha watoto saba» kabla wazee hawajakaa na kuithibitisha hesabu hiyo. Nimeshuhudia kijana akisimama katikati ya usomaji, akisema kwa upole kabisa kwamba wao ni tisa. Hakuna kipaza sauti kinachoweza kurudisha neno lililokwisha kutoka.

Baraza la familia likiamua kuwataja wote, watajwe kwa mpangilio wa kuzaliwa, bila kuonyesha nani ni wa mama yupi. Likishindwa kuamua, usitaje idadi. Andika «watoto wake na wajukuu wake» na uendelee. Mwandishi si hakimu. Hata hivyo, usiandike uongo kwa kusema «watoto wake pekee ni hawa», hata ukiamrishwa, kwa sababu karatasi hiyo inaweza kuonyeshwa baadaye katika kesi ya urithi.

Jambo la pili ni ajali. Kama babu aliwahi kupata ajali iliyoua mtu, kaeni na bibi mwamue. Baadhi ya wazee waliibeba ajali moja hadi kufa, na ukimya kamili juu yake hufanya nusu ya tabia yao isieleweke. Ikitajwa, itajwe kwa sentensi moja, bila kumlaumu asiyekuwepo kujibu.

La tatu ni malipo. Madai ya mshahara au pensheni ambayo hayakulipwa yana barua zake na ofisi zake. Yakiingizwa katika karatasi hii, wasikilizaji watatoka wakizungumza habari za kampuni na watakuwa wamemsahau marehemu.

## Hatua ya 6: Andika kwa mpangilio wa safari

Maneno 600 hadi 700 yanatosha, kwa sababu yakisomwa kwa utulivu huchukua dakika sita au saba, na baada ya hapo watoto huanza kulia na wazee kusinzia.

Anza na babu akirudi nyumbani, kisha eleza alikozaliwa na alivyojifunza kazi. Fuatisha safari moja tu, kwa ukamilifu, ukichagua ile yenye mashahidi wawili. Halafu maisha baada ya lori, ambayo ndiyo wajukuu wanayoyajua, na hapo uchukue nafasi ya kutosha. Tarehe za ugonjwa na kifo ziwe sentensi mbili.

Tazama tofauti. Hivi ndivyo inavyoandikwa kwa kawaida:

«Marehemu alikuwa dereva hodari na mwenye bidii. Alisafiri nchi nyingi. Aliwapenda sana wajukuu wake.»

Na hivi ndivyo inavyoweza kuandikwa, kwa mfano niliotunga:

«Babu alipotoka Dar es Salaam, aliacha lori kwenye maegesho na kuja kwa miguu hadi nyumbani Katuba, begani akiwa na gunia dogo. Ndani yake mlikuwa na nazi, moja kwa kila mjukuu, hata kwa yule ambaye hakuwa ameota meno. Nazi zile zilikuwa zimesafiri kilomita 2,000 nyuma ya kiti chake. Alizipasua mwenyewe uani, akimwita kila mmoja kwa jina, naye hakukaa kula mpaka aliyekuwa wa mwisho amekunywa maji yake.»

Katika maelezo ya pili neno «upendo» halimo, na msikilizaji hana haja nalo. Pitia rasimu yako na kila ulipoandika hodari, mwema, mpole au mwenye bidii, futa na uweke tendo. Ukikosa tendo, rudi hatua ya 4.

Lugha. Familia nyingi hupenda karatasi iwe ya Kifaransa, kwa kuona kwamba ndiyo heshima. Maoni yangu ni kwamba mtu aliyeishi kwa Kiswahili kutoka Kolwezi hadi Tunduma asomewe kwa Kiswahili, ili mjane wake aelewe kila neno. Pakiwa na wageni wa kanisa au wa kazi wanaohitaji Kifaransa, watengenezewe nakala.

Rasimu iko tayari pale ambapo ukificha jina la marehemu, dereva mwenzake bado atasema: «Huyu ni yeye.»

## Hatua ya 7: Isome mara mbili kabla ya siku

Mara ya kwanza isome mbele ya mzee aliyeteuliwa, peke yenu. Mara ya pili isome kwa sauti ukiwa umesimama, kwa sababu sentensi inayopendeza machoni inaweza kukukata pumzi. Mahali unapokwama koo kwa machozi, weka alama ya kupumzika; usiifute sentensi hiyo.

Andaa msomaji wa akiba na umpe nakala yake. Wajukuu wengi waliojiamini wameshindwa kufika nusu.

Soma nyumbani, kwenye mkesha au kabla ya mwili kutoka, kuliko makaburini ambako watu wamesimama juani na wachimbaji wanangoja. Kati ya Novemba na Aprili, mvua ikipiga turubai hakuna sauti itakayosikika, ngoja ipungue. Tumia karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa, si simu, na uwe na taa ya betri, maana umeme wa mji wetu hauangalii ratiba ya kilio.

## Hatua ya 8: Baki na daftari baada ya kusoma

Usiondoke upesi. Baada ya usomaji, wazee wa barabara hukaribia mmoja mmoja, na karibu kila mmoja huanza kwa kusema, «Mumesahau jambo moja.» Hiyo ndiyo dalili kwamba karatasi imefanya kazi yake, na ndiyo saa ambayo mengi ya thamani hutolewa.

Fungua daftari papo hapo. Andika jina la msemaji, siku, na maneno yake kama alivyoyasema, kwa Kiswahili chake cha barabarani, bila kuyanyoosha. Omba namba yake ya simu. Siku inayofuata rudisha kila waraka kwa aliyekupa, ukifuata ile orodha ya bahasha, lakini kwanza upige picha kila ukurasa wa pasipoti, hata ile mitupu iliyo katikati ya mihuri. Nakala moja ya karatasi abaki nayo bibi, nyingine mtoto wa kwanza, na daftari likae kwa mwandishi hadi siku ya kuondoa matanga, ambapo masahihisho na visa vilivyoongezwa vitasomwa.

Sisi siku hiyo tulianza na pantoni ya Kazungula. Mzee aliyekuwa amecheka ndiye aliyeomba aisome mwenyewe.